Glosi ya mafuta kwa mlango wa mbele: tathmini ya kopo la lita moja

Kipimo cha mlango uliopakwa glosi, yaani rangi inayong'aa, ni taa ya barazani, ile ya tyubu. Simama pembeni, weka jicho karibu na ubao, utazame taa inavyojionyesha ndani ya rangi. Mlango uliofanyiwa kazi sawasawa unaonyesha tyubu iliyonyooka, kingo zake kali. Mlango wa wastani unaonyesha tyubu hiyo hiyo imepinda kama mnyoo. Wa ovyo hauonyeshi tyubu, unaonyesha mwanga uliotapakaa tu, na ukipitisha kiganja unakutana na vichunusi. Milango yote mitatu inaweza kuwa imetoka kopo moja.

Kinachopimwa hapa ni glosi ya mafuta, yaani rangi ya alkidi inayouzwa kwa kopo la lita 1 na lita 4 kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, iwe Gerezani, Dar es Salaam, au Mombasa. Imewekwa pamoja na washindani wake watatu: glosi ya maji, rangi ya gari ya kuchanganya na hadena (kigumishi chake), na NC, yaani rangi ya nitroselulosi, ya mafundi samani. Hukumu tuitoe mapema: kwa mlango wa mbao unaopakwa kwa brashi, glosi ya mafuta ya bei ya kati bado ndiyo ya kununua. Inadai siku tano au sita, inadai thina yake (kimiminika cha kuilegeza) na si nyingine, na haitaki kuharakishwa. Kati ya viwanda vikubwa tofauti si kubwa kama wauzaji wanavyodai. Tofauti inaonekana ukishuka kwenye zile za bei ya chini kabisa, ambazo zimejazwa chaki. Zinafunika haraka na kumfurahisha mwenye nyumba siku ya kwanza, kisha jua la msimu mmoja linaziacha zikitoa unga ukizigusa.

Kiasi

Mlango wa sentimita 210 kwa 90, pande zote mbili na kingo zake, ni mita za mraba 4 hivi. Ukiwa wa paneli wenye mapambo, hesabu 4.5. Fremu inaongeza kama 1.3. Mikono miwili ya glosi, yaani tabaka mbili, kwa vyote hivyo ni chini kidogo ya mita za mraba 12, na lita moja kwa brashi inafika hapohapo, 12 au zaidi kidogo kama ubao umeandaliwa vizuri. Kwa hiyo kopo la lita 1 la glosi na lita 1 ya andakoti, rangi inayolala chini ya glosi, vinatosha mlango mmoja na fremu yake. Fundi akiandika lita 4 za glosi kwa mlango mmoja, muulize nyumba ya pili iko wapi.

Kabla ya kulipa, tazama kifuniko. Kopo lenye kutu kwenye mdomo au lililobonyea ubavuni limeshaingiza hewa, na rangi ya mafuta ikikutana na hewa inafanya utando juu. Ukilifungua nyumbani ukakuta utando, usiukoroge. Ukate pembeni kwa kisu, uutoe mzima kama ngozi ya maziwa, kisha uchuje rangi kwa soksi ya nailoni. Koroga kwa ubao bapa kutoka chini kwenda juu kwa dakika tano. Usilitikise kopo, kwa sababu mapovu yatakaa ndani kwa saa nzima. Na usichovye brashi kwenye kopo lenyewe: mimina kiasi cha kazi ya nusu saa kwenye kibati kisafi, ufunike kilichobaki. Vumbi lote linaloharibu nusu ya pili ya mlango huwa limerudishwa na brashi wakati wa nusu ya kwanza.

Kinacholala chini

Glosi haifichi kitu. Ina gundi nyingi na unga wa rangi kidogo, ndiyo maana inang'aa, na ndiyo maana kila mkwaruzo wa msasa, kila tundu la msumari na kila mshipa wa mbao unaonekana maradufu baada ya mkono wa mwisho. Anayetaka kuficha anafichia kwenye andakoti.

Mbao zetu zina tabia zake. Mvule una kemikali ndani yake zinazozuia rangi ya mafuta kukauka. Praima ya kawaida, rangi ya kwanza kabisa, juu ya mvule mbichi inaweza kubaki inanata kwa wiki kadhaa, na mwenye mlango akadhani ameuziwa rangi mbovu. Ufute kwa kitambaa kilicholowa thina ya NC (hapa thina hiyo ina kazi yake), ubadilishe kitambaa kikigeuka kahawia, uache dakika 15, kisha upige praima ya aluminiamu siku hiyohiyo kabla mafuta ya mti hayajapanda tena juu. Mtiki, nao una mafuta, unatendewa vivyo hivyo. Mninga unatoa wekundu wake, na mlango wa krimu au mweupe uliopigwa juu ya mninga usiozibwa unaanza kuona haya taratibu. Praima ya aluminiamu au shelaki (vanishi ya kuziba) inauzuia. Paini ina vifundo vinavyotoa utomvu jua likiwaka: kila kifundo kipigwe shelaki mara mbili, ikivuka ukingo wake kwa sentimita mbili.

Mbao iwe imekauka. Ukiwa na kipima unyevu, taka asilimia 15 au chini. Mlango uliotoka karakana wiki iliyopita na kupachikwa katikati ya masika hauko tayari, hata ukionekana mkavu usoni. Unyevu uliofungiwa ndani hutafuta njia ya kutoka jua likipiga, na njia yake ni malengelenge.

Halafu puti. Hapa ndipo milango mingi inapofia. Puti ya ukutani, ile nyeupe ya unga inayokorogwa kwa maji, ni rahisi na fundi anayo kwenye ndoo tayari, kwa hiyo anaipaka mlango mzima, anapiga msasa, na mlango unakuwa laini kama sahani. Ndani ya nyumba inaweza kupona. Mlango wa nje ukinyeshewa, maji yanapita kwenye ufa mdogo wa kona ya paneli, puti inayanywa na kuvimba, na glosi inabanduka vipande vikubwa vyenye unga mweupe mgongoni. Ukiona unga huo nyuma ya ganda la rangi, usilaumu kopo. Kwa mlango wa nje tumia puti ya mafuta kwa mashimo madogo, au bodifila ya magari kwa yale makubwa: donge la ukubwa wa ndimu na hadena kiasi cha punje ya njegere. Kwenye joto la pwani una dakika kumi au pungufu kabla halijawa jiwe, kwa hiyo changanya kidogo kidogo. Na puti ipigwe juu ya praima, si juu ya mbao tupu inayonyonya mafuta yake na kuiacha ikiwa na nyufa.

Msasa uanze namba 120 kwenye mbao, uende 180, kisha 240 baada ya praima. Uzungushe kwenye kipande cha ubao. Vidole vitupu huchimba mifereji. Andakoti ipigwe mara mbili, na mkono wa pili usuguliwe kwa namba 320 yenye maji na sabuni kidogo mpaka uso uwe kama ganda la yai, hakuna sehemu inayometa. Sehemu inayometa ni bonde ambalo msasa haujalifikia. Ulaze mwanga wa tochi ya simu ubavuni mwa mlango usiku: kila bonde linatupa kivuli. Nusu saa ya tochi inaokoa mkono mzima wa glosi.

Rangi ya andakoti ifuate ya juu: kijivu kilichokolea chini ya buluu ya bahari na kijani cha giza, pinki au kijivu chini ya nyekundu. Nyekundu na njano safi hazifuniki vizuri, na ukizipiga juu ya andakoti nyeupe utajikuta unatafuta mkono wa nne.

Kama unasugua rangi ya zamani, hasa nyekundu, njano au kijani ya miaka mingi, isugue kwa maji na uvae barakoa. Rangi nyingi za zamani za mafuta zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto. Kwa rangi mpya, tafuta kopo linalosema halina risasi.

Thina

Kopo zuri la glosi linapotoka dukani liko karibu tayari. Likihitaji kulegezwa, ni kwa tapentaini, ile ambayo chupa yake imeandikwa white spirit, kiasi cha mililita 50 kwa lita na si zaidi. Kwenye joto la kaskazi brashi ikianza kuvuta, hizo mililita 50 ndizo zinazoirudisha.

Muuzaji ukimwambia tu «nipe thina» atakupa ya NC, kwa sababu ndiyo inayoulizwa zaidi. Ukiimimina kwenye glosi ya mafuta mambo mawili yanatokea. Inaruka hewani haraka mno, kwa hiyo mistari ya brashi haipati muda wa kujifunga. Pili, inakula mkono uliotangulia: rangi ya jana ambayo bado haijakomaa inainuka na kukunjamana kama ngozi ya kobe mbele ya macho yako. Hakuna tiba ya hapo zaidi ya kungoja siku kadhaa, kusugua na kuanza upya. Mafuta ya taa ni kosa la upande wa pili. Ni rahisi, rangi inateleza vizuri, lakini yanachelewa kuondoka na kuacha utelezi unaoua mng'ao. Petroli hata isitajwe, na moto wake ni shida nyingine.

Mkono wa glosi

Glosi ya mafuta inakauka kwa hatua mbili. Kwanza tapentaini inaruka, kisha mafuta yanaanza kushikana na oksijeni ya hewani. Hatua ya pili inaanzia juu kwenda chini. Ukipaka nene, juu pafunga, chini pabaki pabichi, na ngozi ya juu inavyoendelea kutanuka inakunjamana. Mikunjo ya kwenye pembe za paneli, pale rangi inapopenda kutuama, huja hivyo. Kwa hesabu ya mita za mraba 12 kwa lita, tabaka bichi ni mikroni 83 tu, unene wa karatasi. Mikono miwili ya namna hiyo, saa 24 katikati, inashinda mmoja mnene kila siku.

Anza saa mbili asubuhi, umande ukishaondoka, upande ambao jua halijafika. Rangi ya mafuta inataka saa sita au zaidi ndipo isinate kidoleni, na ikipatwa na umande wa jioni kabla ya hapo inapoteza mng'ao, inakuwa na ukungu wa kijivu usiofutika. Wadudu nao wanatoka jua likizama. Mbu akitua kwenye glosi mbichi mwache hapo hapo. Kesho miguu yake itang'oka kwa ncha ya msasa namba 400. Ukimfuata kwa kidole leo utakuwa na kidonda. Siku ya mvua, au asubuhi ya pwani ambayo kuta zinatoka jasho, acha.

Usifagie siku hiyo. Nyunyiza maji sakafuni, fungua upande mmoja tu wa nyumba ili upepo usikatize, na ufute mlango kwa kitambaa kisicho na nyuzi chenye tapentaini kidogo. Kitasa, komeo na kengele ving'olewe. Kuvizungushia selotepu ya karatasi ni uvivu unaoonekana miaka kumi.

Brashi ziwe mbili: ya inchi 2½ kwa mbao pana na ya inchi 1 kwa mapambo, nywele laini zenye ncha zilizochanua. Mpya inamwaga nywele, kwa hiyo ianzie kazi kwenye praima. Chovya theluthi ya nywele, gusisha ubavuni mwa kibati, usiipanguse mdomoni. Mlango wa paneli unapigwa mapambo na paneli kwanza, kisha nguzo ya kati, kisha mbao za mlalo, mwisho mbao ndefu za pembeni na kingo. Kila eneo: weka rangi kwa mistari mitatu ya wima, itawanye kwa ulalo, kisha malizia kwa ncha tu za brashi, karibu haina uzito, kutoka chini kwenda juu ukiinyanyua mwishoni kama ndege inayoruka. Hapo uondoke. Tazama kwa ubavu: mistari ya nywele inaonekana wazi, halafu inaanza kujaa, na baada ya dakika nne au tano imefungana. Mtu anayerudi dakika ya kumi kurekebisha sehemu moja anaacha alama ambayo isingekuwapo. Ukingo mbichi una dakika kumi hivi, na kwenye joto kali pungufu, ndiyo maana mlango mmoja unapigwa bila kupokea simu.

Kwa mlango bapa, rola ndogo ya sponji nzito ya inchi 4 inasambaza haraka na sawasawa, kisha brashi inapita juu kufuta mapovu. Rola peke yake inaacha ganda la chungwa. Ukiweza kuung'oa mlango na kuulaza juu ya stuli mbili, michuruziko haitakuwepo kabisa. Jioni ukiurudisha, weka ukanda wa nailoni kati yake na fremu, usiufunge kwa nguvu.

Saa 24 baadaye sugua kwa 320 au 400 yenye maji, kidogo tu, mpaka mng'ao ufe kote, futa, upige wa mwisho.

Jambo ambalo hakuna anayelilipia: ukingo wa chini wa mlango. Hauonekani, kwa hiyo haupakwi, na maji ya kudeki yanapanda hapo kila siku. Plaiwudi inaanza kufumuka kutoka chini, rangi juu yake inaanza kupasuka, na lawama inaenda kwa kopo. Weka kioo cha mfukoni sakafuni ukague kazi ya fundi kabla ya kumlipa.

Washindani

Glosi ya maji haigeuki njano, haina harufu kali, na inapokea mkono wa pili baada ya saa nne au sita. Kwa mlango mweupe wa ndani ni bora kuliko ya mafuta, maana nyeupe ya mafuta inageuka njano mahali pasipo na jua. Kwa mlango wa mbele wa rangi iliyokolea inashindwa: kwenye joto inakauka kabla haijajisawazisha, mng'ao wake hauna kina, na mlango unashikana na fremu kwa wiki nzima, ukiufungua unasikia unabanduka.

NC ya mafundi samani inametameta sana ikipulizwa na kukauka ndani ya dakika 20, ndiyo maana karakana za barabarani zinaipenda. Kwenye kabati sawa. Nje inakuwa ngumu kama kioo chembamba, mbao inapanuka na kusinyaa chini yake, na mwaka haujaisha ina nyufa za nywele.

Rangi ya gari yenye hadena ndiyo pekee inayoipita ya mafuta kwa mng'ao na ugumu. Inapulizwa kwa kompresa, tundu la bomba la milimita 1.3 au 1.4, umbali wa sentimita 15 hadi 20, na tabaka likikaa vizuri linaonyesha tyubu ya taa kama kioo cha choo. Kwa mlango wa chuma inastahili bei yake. Kwa mlango wa mbao wenye viungo, viungo vikicheza rangi inapasuka kwenye mstari wa kiungo, na kiraka chake hakifichiki. Hadena yake ina isosaianati, kemikali inayoweza kuleta pumu ya kudumu. Barakoa ya kitambaa haifanyi kitu. Ipulizwe karakana yenye mtu aliyevaa barakoa ya kuletewa hewa safi, isipulizwe barazani watoto wakitazama.

Mlango wa chuma wenye glosi ya mafuta nao unapendeza, mradi kutu iondolewe kwa brashi ya waya na praima ya kuzuia kutu ipigwe siku ileile. Ila bati lenye zinki lina sheria yake: alkidi ikilala moja kwa moja juu ya zinki inageuka sabuni taratibu na kubanduka shuka nzima. Linataka praima yake maalumu kwanza.

Mlango wa nakshi wa Lamu au Mji Mkongwe usipakwe glosi ya aina yoyote. Rangi inajaa kwenye michongo, ncha za maua zinakuwa butu, na kuitoa ni kazi ya miezi. Ule ni wa mafuta ya mbao na kitambaa.

Mweusi na buluu ya giza kwenye mlango unaotazama magharibi zinapata joto linaloweza kupita nyuzi 60, na hapo hata kazi nzuri inaanza kufifia mapema. Rangi nyepesi kidogo, au kivuli cha baraza, vinaongeza miaka.

Glosi ya mafuta ikishapigwa inagusika siku hiyohiyo lakini inakomaa kwa wiki tatu au nne. Raba za fremu zirudishwe baada ya siku saba. Kabla ya mwezi usiioshe kwa sabuni wala kubandika shada la maua kwa gundi. Baada ya hapo maji ya vuguvugu na kitambaa laini vinatosha, na poda ya kusugulia sufuria isiusogelee mlango kabisa.